Hesabu ya Anayeondoka

Mwaka 1964, katika miezi ya mwanzo ya uhuru, serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini mapatano ya pande tatu. Waajiri binafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15. Vyama navyo viliahidi kukaa mwaka mzima bila kudai nyongeza wala kugoma. Nia ilikuwa kuwapunguza vijana waliokuwa wakizunguka Nairobi na Mombasa wakitafuta kazi. Habari ilipofika vijijini, watu wakafunga mizigo. Waliojiandikisha kutaka kazi walikuwa wengi kuliko ilivyotazamiwa, na nafasi zilipokwisha kujazwa, umati wa waliobaki nje ya mageti haukuwa umepungua.

Serikali ilishangaa. Wachumi waliokuwa Nairobi walishangaa pia, ila wao walikuwa wanalipwa kwa kushangaa, na muda si mrefu wakafunguliwa nyumba ya kushangalia. Mwaka 1965 Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ilianzishwa katika chuo kikuu kishiriki cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa mkono mmoja wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki; mikono mingine ilikuwa Makerere na Dar es Salaam. Mwaka huohuo Dar es Salaam nayo ikapata kitengo chake cha utafiti wa uchumi. Makerere ndiyo iliyotangulia. Taasisi yake ya utafiti wa jamii ilikuwapo tangu mwisho wa miaka ya 1940, na ndiyo iliyowazoesha watafiti wa kanda hii desturi ya kuandika kwanza, kugawa kilichoandikwa, kisha kukaa pamoja na kukibishania. Walter Elkan alitokea huko na kitabu chake cha 1960 juu ya vibarua wa Uganda. Aliwaonyesha wasomaji kwamba mfanyakazi wa Kampala aliweza kufanya kazi mjini miaka mingi bila kuachia kipande chake cha ardhi kijijini. Kitabu hicho nitakirudia kwa njia nyingine, kwa sababu kilitangulia kusema jambo ambalo semina za Nairobi zilikuja kulisahau kwa muda.

Mimi nimeingia katika hadithi hii kwa mlango wa nyuma. Ni mzaliwa wa Bukoba, nafundisha uchumi, na nilipelekwa Nairobi nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili kusoma masomo ya hiari pamoja na wenzangu kutoka vyuo vya nchi nyingine. Huko ndiko nilikozikuta karatasi za zamani za Taasisi, zimepangwa kwa namba, nyingine kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Zilipigwa kwa taipureta kwenye stensili, ile karatasi ya nta inayotobolewa na herufi, kisha zikazungushwa kwenye mashine ya kurudufu na kubanwa kwa pini upande wa kushoto. Taipureta haikuwa na herufi za Kigiriki. Kwa hiyo milinganyo ya hesabu iliandikwa kwa mkono, na unaweza kumwona mwandishi au karani wake akihangaika kuchora alama ileile ukurasa baada ya ukurasa, kila mara ikitoka na umbo lake. Kwenye jalada pana onyo kwamba maoni ni ya mwandishi, si ya Taasisi wala ya chuo. Nililipenda onyo hilo. Lilikuwa linamwambia msomaji: hili bado halijaiva, uko huru kulionja na kulitema.

Semina ilijengwa juu ya karatasi za namna hiyo. Sehemu kubwa ya kilichobishaniwa ilikuwa katika lile tawi la uchumi lisiloanza na bajeti ya nchi wala thamani ya shilingi. Huanza na mtu mmoja, kaya moja, kiwanda kimoja: kwa nini huyu kapanda mahindi chotara na jirani yake hakupanda, kwa nini mwajiri halipi kidogo kuliko anavyolipa, kwa nini kijana anaondoka. Leo kila chuo kikubwa duniani kina kundi lake la watu wa kazi hiyo, na ratiba ya semina ya kila wiki. Miaka ile ilikuwa nadra kuikuta ikifanywa juu ya Mwafrika kama mtu mwenye hesabu zake kichwani. Wakoloni walikuwa wamezoea kusema kwamba mfanyakazi wa Kiafrika anataka shilingi chache tu za kodi na baiskeli, akizipata anarudi kwao kulala.

Sasa turudi kwenye umati wa mageti. John Harris na Michael Todaro, Wamarekani wawili waliofanya kazi na Taasisi mwishoni mwa miaka ya 1960, walilishika swali hilo. Mwaka 1968 waliandika katika jarida la uchumi la Afrika Mashariki, na mwaka 1970 makala yao kuu ikatoka katika jarida la chama cha wachumi wa Marekani. Tangu hapo hakuna mwanafunzi wa uchumi wa maendeleo, awe Lima au Manila, ambaye hajafundishwa hesabu iliyopikwa kutokana na Nairobi.

Nitaieleza kwa tarakimu zangu mwenyewe. Tuseme shamba linampa kijana shilingi 100 kwa mwezi. Mshahara wa mjini, uliowekwa na sheria na vyama, ni 250. Angekuwa na hakika ya kazi, asingelala hata usiku mmoja zaidi kijijini. Lakini hana hakika. Anachojua ni kwamba kati ya watu 10 wanaotafuta kazi mjini, labda 5 wataipata. Nusu ya 250 ni 125, na 125 bado ni zaidi ya 100, basi anakwenda. Wengine nao wanapiga hesabu hiyohiyo, wanakwenda, na kadiri wanavyoongezeka ndivyo bahati ya kila mmoja inavyopungua, hadi inapofika 4 kwa 10. Hapo 250 mara nne ya kumi inakuwa 100 kamili, sawa na shamba, na safari zinasimama. Mjini kuna watu 6 kwa kila 10 wasio na kazi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefanya ujinga.

Serikali yenye huruma ikiongeza nafasi 4 mpya, nini kitatokea? Bahati inapanda, habari zinasambaa, na safari hazisimami tena mpaka uwiano urudi palepale. Kwa nafasi 4 mpya, watu 10 watakuwa wameondoka shambani. Wanne wana kazi, na wasio na kazi wameongezeka 6. Hivyo ndivyo mapatano ya 1964 yanavyoeleweka bila kumtukana mtu. Harris na Todaro wakaendelea: kama unataka kuwapunguza wanaosubiri mjini, angalia shilingi 100 za shambani, usiangalie mageti ya viwanda peke yake.

Naiona hesabu hii kuwa moja ya mambo yenye heshima zaidi yaliyowahi kuandikwa juu ya vijana wetu. Kabla yake walikuwa wazururaji, washamba waliodanganywa na taa za mji. Baada yake wakawa watu waliopima. Wanaoicheka kwa sababu ina milinganyo wajiulize ni mbunge gani wa enzi ile aliyewahi kuwatetea wasio na kazi kwa hoja iliyo safi kiasi hicho.

Hata hivyo ina tundu, na tundu lenyewe mimi nililijua kabla sijajua kwamba kuna somo linaloitwa uchumi. Baba yangu mdogo aliondoka Bukoba mwaka 1966 kwenda Kampala. Wahaya wengi walikuwa wamemtangulia. Meli ilikuwa ikiziunganisha Bukoba na bandari za upande wa Uganda, na Kampala ilikuwa karibu na mawazo yetu kuliko Dar es Salaam. Alikaa miezi mingi bila kazi, akilala kwa binamu. Kwa mujibu wa hesabu ya Nairobi, alikuwa anasubiri bahati yake ya 4 kwa 10. Sawa. Lakini aliyemlipia nauli alikuwa bibi, kwa fedha ya kahawa. Aliyemlisha alikuwa binamu. Kibanja chake, yaani migomba na mibuni aliyogawiwa na babu, kilipaliliwa na baba yangu, na kila mtu nyumbani alijua ni chake ingawa hayupo. Alipopata kazi ya ghalani, shilingi za kwanza hazikuwa zake. Zilikuja na abiria wa meli, zimefungwa kwenye leso, na ziligawanywa na bibi kabla hajasema asante.

Nani hasa alipiga hesabu hapo? Katika karatasi ya 1970 ni kijana mmoja, amesimama kati ya shamba na mji kama mtu aliye kati ya maduka mawili. Kwetu palikuwa na kikao. Hesabu ilikuwa ileile, na sidhani bibi angeikataa kama angesomewa, ila mwenye hesabu hakuwa mmoja. Ninavyoisoma historia ya semina za Nairobi na zile zilizozaliwa nazo, miaka 50 iliyofuata imekuwa kazi ya kuwarudisha ndani ya mlinganyo watu walioachwa nje: mama, kaka, binamu mwenye godoro la ziada.

Kazi hiyo haikufanyika mara moja. Kwanza mabishano yalikwenda upande wa mwajiri. Joseph Stiglitz alikuwa Nairobi kati ya 1969 na 1971 kwa ufadhili wa Rockefeller, kijana ambaye hata miaka 30 alikuwa hajaifikisha alipowasili. Swali lake lilikuwa hili: ikiwa nje ya geti kuna watu 100 walio tayari kufanya kazi kwa nusu ya mshahara, mwajiri anangoja nini? Sheria ya mshahara wa kima cha chini ni jibu, lakini si jibu zima, maana viwanda vingine vililipa hata zaidi ya kima hicho. Jibu alilolijenga, na ambalo lilichapishwa 1974, ni kwamba mfanyakazi akiondoka, mwajiri anapoteza gharama ya kumfundisha mwingine. Basi analipa zaidi ili watu wake wasiondoke. Mwaka huohuo ilitoka makala yake juu ya wakulima wanaolima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno, na namna mgawo ule unavyogawa pia hasara ya ukame. Mwaka 2001 alipewa tuzo ya Nobel, pamoja na George Akerlof na Michael Spence, kwa kazi juu ya masoko ambayo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine, na mwenyewe ameandika kwamba miaka ya Kenya iliyageuza mawazo yake. James Tobin wa Yale alikuja pia, mwaka wa masomo wa 1972 hadi 1973. Nobel yake ikafuata 1981.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Lakini katika semina hizi mara nyingi mgeni ndiye aliyepona. Kurasa za majina katika karatasi za miaka ya mwanzo zimejaa watu waliokuja kwa miaka miwili na kuondoka na makala. Wenyeji walikuwepo: Dharam Ghai, Mkenya, aliiongoza Taasisi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kabla ya kwenda Shirika la Kazi Duniani. Philip Ndegwa, aliyesoma Makerere na kuandika kitabu juu ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, alivutwa na serikali na baadaye akawa gavana wa Benki Kuu ya Kenya. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Nchi changa ilikuwa na njaa ya watu wa namna hiyo kuliko chuo kilivyoweza kuwashika. Simlaumu mtu aliyechagua wizara.

Wala chumbani hapakuwa na imani moja. Katika miaka ileile Colin Leys, mtu wa siasa, alikuwa Nairobi akikusanya mambo ya kitabu chake cha 1975 juu ya Kenya isiyoendelea. Kwake, kuuliza kwa nini kijana anaondoka shambani bila kuuliza nani alichukua shamba lilikuwa swali nusu. Alikuwa na haki katika hilo. Miaka michache baadaye aliandika kuukosoa msimamo wake mwenyewe, jambo ambalo wachumi tunalihubiri zaidi kuliko tunavyolitenda.

Pigo la kwanza hasa kwa hesabu ya Harris na Todaro lilitoka mitaani. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly wa Sussex, ulitoa ripoti juu ya ajira na kipato nchini Kenya. Ripoti ilisema wazi kwamba wale waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikuwa wanafanya kazi tangu alfajiri: wanafua mabati, wanashona, wanauza mboga, wanatengeneza taa kwa makopo. Keith Hart alikuwa amekwisha kuwaeleza watu wa aina hiyo wa Nima, jijini Accra, na ripoti ya Kenya ndiyo iliyoipeleka dhana yake ya sekta isiyo rasmi ulimwenguni kote. Ilitaka serikali iache kuwabomolea na kuwanyima leseni. Wakenya huwaita watu hao jua kali, na hakuna aliyehitaji ujumbe kutoka Geneva kuwaona. Ilihitajika ripoti ili waonekane ofisini. Katika mfano wangu wa tarakimu, wale 6 kati ya 10 hawakuwa wameketi ukutani. Walikuwa wanapata labda shilingi 40 au 60. Hesabu nzima inabadilika, kwa sababu kusubiri sasa kunalipa kidogo, na anayelisubiri geti anaweza kusahau geti lenyewe.

Na binamu mwenye godoro? Huyu aliingia kwa njia ya takwimu. Mwaka 1971 watafiti wa Taasisi walifanya uchunguzi wa kaya za Nairobi, na mwaka 1974 George Johnson na Edward Whitelaw wakachapisha walichokipata kuhusu fedha zinazotoka mjini kwenda mashambani. Karibu moja ya tano ya mshahara wa mfanyakazi wa Nairobi ilikuwa inarudi nyumbani. Moja ya tano! Hakuna kodi iliyokusanywa kwa uaminifu huo. Ukiwa na tarakimu hiyo mkononi, huwezi tena kumchora kijana akiwa peke yake. Ni sehemu ya kitu kirefu chenye mguu mmoja shambani na mwingine mjini, kama Elkan alivyosema kwa Kampala.

Lakini kwa nini wanatuma? Hapa wachumi huwa na jibu linalowaudhi watu wazima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 John Hoddinott, wakati huo wa Oxford, alifanya utafiti wake Karateng karibu na Kisumu. Makala zake, zilizotoka 1992 na 1994, zinaonyesha kwamba wazazi wenye ardhi zaidi ya kurithisha walipokea zaidi kutoka kwa wana wao. Mzee hasemi kitu; anatembea tu juu ya mpaka wa shamba, na mwana aliye Nairobi anakumbuka kutuma. Nilipoisomesha makala hii darasani kwa mara ya kwanza, kijana mmoja kutoka Siaya alikasirika kabisa. Alisema, “Mwalimu, mimi namtumia mama kwa sababu ni mama.” Nikamwuliza kama ana kaka, akasema watatu. Nikamwuliza nani anatuma zaidi. Akacheka, darasa likacheka, na somo likaishia hapo bila mshindi. Ndivyo semina nzuri inavyoishia mara nyingi.

Miaka ya 1980 ilikuwa kavu. Mishahara ya vyuo ilishuka, majarida yakaacha kufika, wahadhiri wakafuga kuku. Kilichotokea baadaye ni kwamba semina ilitoka chuoni na kuwa ya bara. Mwaka 1988 ulianzishwa Nairobi muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, ambamo watafiti wa vyuo mbalimbali hukutana mara mbili kwa mwaka. Benno Ndulu, Mtanzania aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye kuwa gavana wa Benki Kuu yetu, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Desturi yake ni ngumu na nzuri. Unaleta pendekezo, wanakukaanga. Unaleta kazi ikiwa nusu, wanakukaanga tena. Unaleta ripoti ya mwisho, na mzee aliyekukaanga mara mbili anakumbuka ulichoahidi mara ya kwanza. Nimewaona watu wenye mvi wakitoka chumbani kwenda kunywa maji wakiwa wamesahau kalamu mezani. Kitu kimoja kilibadilika kuliko vyote: waliouliza maswali wengi wao walikuwa wamewahi kumtumia mtu fedha kijijini.

Msomaji anayefuata habari atataka nizungumzie Busia, majaribio ya Michael Kremer na wenzake: dawa za minyoo katika shule 75, vitabu vya kiada vilivyowafaa tu wanafunzi waliokuwa mbele tayari, nusu kijiko cha mbolea kwa kila shimo la mahindi, na Nobel ya 2019. Ni hadithi kubwa na imesimuliwa sana. Naiacha, nielekee nyumbani.

Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na chuo cha Muhimbili walihoji kaya 915 mkoani Kagera, kila baada ya miezi kadhaa, ili kujua kifo cha mtu mzima kinaifanyia nini kaya. Wakati huo ukimwi ulikuwa unatumaliza. Mwaka 2004 watafiti walirudi na uamuzi ambao wengi huuogopa: kumtafuta kila mtu aliyekuwa kwenye orodha za kwanza, popote alipokwenda. Nilikuwa mdadisi kijana katika kazi hiyo. Unapewa jina, jinsia, umri wa 1991, jina la mkuu wa kaya. Mtoto aliyeandikwa miaka 6 sasa ana 19 na kaolewa Mwanza. Ramani haikusaidii. Unaanza na mwenyekiti wa kitongoji, anakutuma kwa shangazi, shangazi anataka kwanza kujua wewe ni wa ukoo gani, halafu anatoa namba ya simu ya mtu anayeuza samaki Kirumba, hukohuko Mwanza, na huyo ndiye anayejua. Timu zilikwenda hadi Uganda. Asilimia 93 ya kaya za mwanzo zilipatikana angalau kwa mtu mmoja, na zile 915 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Niseme kwa majivuno ya mdadisi: maprofesa walipata sifa, lakini mashangazi wa Kagera ndio waliofanya kazi.

Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walizichambua takwimu hizo na kuchapisha 2011. Uzuri wake ni kwamba unaweza kumlinganisha aliyeondoka na ndugu aliyekua naye nyumba moja. Matumizi ya walioondoka yalikuwa yamekua kwa asilimia 36 za nyongeza juu ya ukuaji wa waliobaki. Kijana wa Harris na Todaro, basi, hakukosea alipofunga mzigo. Uchunguzi mwingine wa takwimu hizohizo, wa De Weerdt na Kalle Hirvonen, ukauliza kuhusu leso ya bibi. Walikuta kwamba shida ikiwapata waliobaki, matumizi ya walioondoka yanaguswa. Shida ikiwapata walioondoka, waliobaki hawaguswi. Msaada unakwenda upande mmoja. Na gharama yake kwa aliyeondoka ni asilimia 3 hadi 5 tu ya kile alichoongezewa na safari. Wanaolalamika baa kwamba ndugu wamewafilisi nawaletea makala hiyo nikiwa na nafasi.

Upande wa Kenya, William Jack na Tavneet Suri, ambaye ni Mkenya, walionyesha mwaka 2014 nini kilitokea leso ilipogeuka kuwa simu. Kaya isiyotumia M-Pesa ikipatwa na msiba au ugonjwa, matumizi yake yalishuka kwa asilimia 7. Yenye kutumia haikushuka. Fedha ilikuwa inafika kwa wakati, na kutoka kwa watu wengi zaidi.

Linabaki swali moja ambalo kila mara nikilisikia, semina inakaa vizuri kitini. Ikiwa kuondoka kunalipa kiasi hicho, na kusaidia nyumbani kunagharimu kidogo namna hiyo, kwa nini ndugu wengi walibaki? Majibu yaliyoandikwa yanataja nauli, woga, habari chache, mila. Mimi nina jibu la ukoo wangu, ambalo si takwimu. Baba mdogo alirudi 1972, Kampala ya Amin ilipokuwa si mahali pa Mtanzania kulala, na akakikuta kibanja chake kimepaliliwa. Aliyekipalilia, baba yangu, alikuwa amemshinda darasani miaka yote waliyosoma. Hesabu ya nani aende ilijulikana na kila mtu, hata mwalimu alikuja kusema. Bibi aliamua kwamba mwenye akili zaidi abaki, kwa sababu kibanja kibaya hakirudishwi, na kijana wa Kampala akishindwa atahitaji pa kurudi.

Mwanafunzi wangu mmoja anataka kulipima hilo. Katika orodha za 1991 anawatafuta ndugu wa kiume wa kaya moja waliosoma pamoja, aone kama kaya zenye mashamba yanayohitaji kazi zaidi zilimbakiza yule wa juu au yule wa chini. Mimi nadhani atapata wa juu. Mwenzangu wa ofisi ya pili anasema atapata wa chini, na kwamba bibi yangu ni sampuli ya mtu mmoja. Tumemwambia aandike karatasi na aigawe wiki mbili kabla.